Mzee, nihame? Barua kwa wakimbiaji wetu walioko vyuoni Marekani

Wanangu, chamgei.

Tangu msimu wa mbio za viwanjani uishe mwezi huu wa sita, wanne kati yenu wamenipigia simu na swali moja: "Mzee, nihame chuo?" Nawajibu wote hapa kwa pamoja, kwanza kwa sababu nimechoka kurudia, pili kwa sababu mimi mwenyewe nilihama vibaya.

Ilikuwa miaka ya themanini. Katika mwaka wangu wa pili nilimaliza wa kumi na tisa kwenye mbio za nyika ambazo wote walitarajia nishinde. Kocha hakunisemesha siku tatu, na theluji ilikuwa imefika magotini. Nikaingia kwenye kibanda cha simu pale bwenini, sarafu mkononi, nikampigia kocha wa chuo kingine huko kusini kwenye joto. Kufikia Agosti nilikuwa nimeshafika. Wiki ya kwanza karani wa usajili, mama mmoja mpole sana, alitandaza karatasi ya masomo yangu mezani, akawa anateremsha rula mstari kwa mstari, na kalamu nyekundu mkononi. Nilifika na krediti 61, yaani vipimo vya masomo niliyokwisha kufaulu. Alipofika chini zilibaki 38. Hata kemia niliyoikesha muhula mzima ilikatwa. Nilipata shahada mwaka mmoja na nusu baada ya wenzangu, usiku nikiosha sahani kwenye bwalo la chuo. Na ule upweke nilioukimbia? Joto lilikuwapo, lakini Jumapili jioni hakukuwa na mtu wa kuniuliza nimekula nini, vilevile kama kule kwenye theluji.

Nyinyi mmerahisishiwa, na urahisi huo ndio unaonitia hofu. Kabla ya Oktoba 2018 chuo chako kilipaswa kutoa ruhusa ndipo kocha wa chuo kingine azungumze nawe. Sasa unaomba jina lako liingizwe kwenye potali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wanariadha wanaotaka kuhama, na makocha wa nchi nzima wanakuona. Tangu Aprili 2024, mradi alama zako darasani ni nzuri, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, haikuzuii tena eti umehama mara nyingi. Ila jina likishaingia, chuo ulichopo kinaweza kukata skolashipu yako kuanzia mwisho wa muhula, na hakilazimiki kukurudisha kikosini ukibadili nia. Mwenzako Mmarekani akikwama hapo anarudi kwa mama yake Ohio kujipanga. Wewe uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Lazima uwe darasani kwa masomo ya muda wote, na kuhama kwako hakukamiliki mpaka chuo kipya kikutolee I-20 yake, ile hati inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi wao. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwona ni afisa wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kwenu, kabla ya kugusa potali.

Nafasi zenyewe zimebana. Tangu 2025 vyuo vikubwa vilivyokubali utaratibu mpya wa kuwalipa wanariadha vimewekewa kikomo cha watu: 17 mbio za nyika, 45 viwanjani.

Halafu ile kalamu nyekundu. Ukiingia mwaka wa tatu unatakiwa uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako, mwaka wa nne 60, wa tano 80, la sivyo hukimbii. Na asilimia hizo huhesabiwa kwa shahada ya chuo unachohamia, si kwa ile uliyoiacha. Vyuo vingi vimeweka wazi kwenye tovuti zao orodha ya kozi wanazozikubali kutoka vyuo vingine. Kaa nayo usiku mmoja na matokeo yako pembeni, ukate mwenyewe kabla hujakatiwa.

Msinielewe vibaya, kuna wakati wa kuondoka. Nimemwona kijana akikimbizwa 10,000 Alhamisi, kuruka viunzi na maji Ijumaa na 5,000 Jumamosi, kwa sababu mshindi huleta pointi 10 na kocha anazihitaji, na kijana mwenyewe muundi unamuuma hata akiwa amelala. Huyo aondoke. Binti yangu, ukipunguziwa chakula ili uwe mwepesi na siku zako za mwezi zikakatika miezi mitatu, mwone daktari wiki hii hii, na kama kocha anakwambia ni dalili ya kuwa tayari kwa mashindano, tafuta kwingine. Chuo kikifuta kozi yako au timu yenyewe, hapo hakuna cha kufikiria. Na wewe uliyeanzia chuo cha miaka miwili, uhamisho wako ulikuwepo tangu siku ya kwanza: Wesley Kiptoo alitoka chuo cha namna hiyo huko Colby, Kansas, akaenda chuo kikuu cha Iowa State, na mwaka 2021 akawa bingwa wa NCAA wa 5,000 ndani ya ukumbi.

Lakini kuchukia baridi peke yake hakutoshi. Henry Rono wetu alikuwa mwanafunzi Pullman, jimbo la Washington, na huko si Mombasa, alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Wala kushindwa na mwenzako wa timu si sababu. Mkimuona anawashinda, mnafanya mazoezi na mtu anayefaa.

Jaribio langu ni hili. Mpigie mama simu, kwa lugha ya nyumbani, umweleze kwa nini unahama bila kumtaja kocha wala mwenzako hata mmoja. Ukibaki na la kusema, sababu unayo. Lakini usipige wiki ya mbio mbaya. Ngoja upite mtihani, ulale vizuri, ukimbie walau mara moja bila saa.

Jambo la mwisho ni hawa wanaojiita maajenti hapa Eldoret, wanaowaahidi chuo kikubwa zaidi kwa asilimia ya skolashipu. Kanuni za NCAA zinakataza malipo ya namna hiyo, na atakayezuiwa kukimbia ni wewe, si yeye.

Ile karatasi ya krediti 38 bado ninayo, wino umefifia lakini unasomeka. Mtakaokuja nyumbani Desemba piteni muione. Leteni na zenu, tukae tuzipitie kwa rula.

Mzee wenu,
Eldoret