Udongo wa Sabaki ukadiriwe kwa modeli ya malisho

Mhariri,

Mvua za masika zikinyesha, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu kwa udongo unaoletwa na Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana. Lawama nyingi hutupiwa wakulima wa milimani. Si uonevu, lakini mto huo hukatiza pia nyanda kavu za malisho, ambazo mvua moja kubwa huweza kuzichuna.

Ombi langu ni kwamba watakaokadiria mmomonyoko huo kwa kompyuta wachague modeli, yaani mfumo wa hesabu za kukadiria, kwa uangalifu. Kanuni maarufu ya kukadiria mmomonyoko wa udongo, ya watafiti wa Marekani Wischmeier na Smith, ilijengwa juu ya vipimo vya mashamba ya Marekani, nayo hutoa wastani wa miaka mingi, ilhali malishoni madhara makubwa huletwa na mvua chache kali. Huko huko Marekani, Wizara ya Kilimo ilitengeneza modeli iitwayo RHEM (kifupi cha Kiingereza cha modeli ya maji na mmomonyoko wa malishoni) kwa ajili ya nyanda za malisho, ambayo huzingatia mvua, mteremko, aina ya udongo, na kiasi cha ardhi kilichofunikwa na nyasi, vichaka, majani makavu na mawe. Mimi naona kifuniko hicho ndicho kiini cha mambo, maana mfugaji hawezi kubadilisha mteremko, ila anaweza kupumzisha malisho.

Hata hivyo, vigezo vya RHEM vilitokana na majaribio ya mvua bandia magharibi mwa Marekani. Kwa hiyo vipimo vya tope vichukuliwe kwanza darajani Sabaki, hasa wakati wa mafuriko, ndipo modeli ilinganishwe navyo.

Msomaji wako,
Malindi