Risala ya Kikundi cha Ulinzi wa Rasilimali za Uvuvi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wavuvi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakukaribisha kwa heshima kubwa katika mwalo wetu wa Mto Malagarasi, wilayani Uvinza, mkoani Kigoma. Historia ya kikundi ni ndefu na jua ni kali, hivyo itoshe kusema kwamba tunayo ofisi ya kisasa ya chumba kimoja, tumeteketeza makokoro, zile nyavu haramu za kukokota, hadharani, na nidhamu yetu ya uvuvi ni ya kupigiwa mfano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haja yetu ni moja. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, ningu na kambale huacha mkondo na kupanda mbuga zinazofurika ili kutaga, na mbuga hizo ziko Kigoma na Tabora pia. Sisi tunaanua nyavu ili samaki wapite. Ng'ambo, upande wa Tabora, wenzetu wanaziba njia kwa nyavu na wigo, wala hatuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuketi nao. Matokeo yake vijana wetu wanatuuliza wanamtunzia nani samaki, na jibu linazidi kuwa gumu.

Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne. Tunapongeza, ingawa inatushangaza kwamba nchi nne zimeelewana na mikoa miwili ya nchi moja bado. Tunasihi pia tarehe hizo zisinakiliwe tu kwa ajili ya mto, maana wakati huo ni kiangazi na samaki wetu wamekwisha kutaga.

Tunaomba, basi, kikao kimoja cha wakuu wa wilaya za Uvinza na Kaliua iliyoko Tabora, maofisa uvuvi na vikundi vya pande zote mbili, kipange miezi ya mvua ya kufunga uvuvi kwa pamoja. Makubaliano hayo yafikishwe kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, chombo cha nchi hizo nne kilichoko Bujumbura, kwa kuwa mkataba wao wa mwaka 2003 wa kulitunza ziwa unagusa bonde zima, ukiwemo mto huu unaoingia ziwani, na kule juu mto huu ndio mpaka wetu na Burundi.

Kikao hiki tuliahidiwa na mgeni rasmi aliyekutangulia, tukapiga makofi mengi, na muhtasari wa ahadi hiyo tumeuambatanisha. Safari hii, kwa unyenyekevu, tunaomba tarehe kabla hujaondoka, nayo iwe kabla ya Novemba.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kamati.