Umeme wa biashara Dar es Salaam ukadiriwe kata kwa kata

Mhariri,

Naandika kuhusu mahitaji ya umeme ya wafanyabiashara jijini Dar es Salaam. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limewafanya wengi waamini kwamba tatizo limekwisha, ilhali umeme mwingi kwenye gridi haumfai mwenye duka Kariakoo iwapo transfoma ya mtaa wake imezidiwa. Viyoyozi vya ofisi na hoteli huelemea mtandao mchana, hasa wakati wa joto la Desemba hadi Machi, na ghorofa likijengwa palipokuwa na nyumba ya kawaida, matumizi ya kiwanja hicho hubadilika kabisa.

Napendekeza shirika la umeme, TANESCO, lilinganishe vibali vya ujenzi na mwenendo wa ununuzi wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, katika kila kata, kabla ya kuamua vituo vipya vya kupozea umeme vijengwe wapi.

Msomaji,
Ilala, Dar es Salaam