Kaburi la Panga ya Saidi lifundishwe na walimu wawili

Mhariri,

Nafundisha bayolojia katika shule ya sekondari hapa Kilifi, na mtaani kwetu nikiitwa kuosha maiti ya mwanamke au ya mtoto, naenda. Ndiyo maana huniuma wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaponiuliza: "Mwalimu, kwenye karatasi ya dini tuandike Adam, na kwenye yako tuandike mageuzi ya viumbe?" Tumewazoesha kuwa na akili mbili zisizosalimiana, na hali jambo la kuzikutanisha liko papa hapa kwetu.

Mwaka 2021 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walitangaza kaburi lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, kaunti yetu hii. Aliyezikwa alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, wakampa jina Mtoto. Kaburi lina miaka 78,000 hivi. Lilipotangazwa, hapakuwa na kaburi kongwe zaidi la binadamu wa aina yetu lililojulikana barani Afrika.

Mifupa ilikuwa imelainika mno, haiokoteki. Donge zima la udongo likapigwa plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Uhispania. Huko ndiko ilikojulikana alivyolazwa: ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga, yaani mfupa wa juu ya kifua unaofika begani, na mbavu za juu zilikaa kama za mwili uliofungwa vizuri kwa kitu, huenda majani au ngozi. Kichwa nacho kilikuwa kimeshuka, dalili kwamba kiliegemezwa juu ya kitu kilichokuja kuoza.

Nilisoma maelezo hayo nikalia. Sanda ya mtoto wa umri ule nimeikata mara nyingi, ni kitambaa kidogo sana. Na wanaume wanaoshuka kaburini humlaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, ule mfuo mdogo wa ndani ya kaburi, wakamwekea udongo chini ya shavu. Sisemi watu wa pangoni walikuwa na dini yangu. Nasema walikaa wakamfunga vizuri mtoto ambaye hangewinda wala kuchuma tena, wakamchimbia, wakamfukia. Nikifundisha mageuzi ya binadamu kwa ukubwa wa fuvu na zana za mawe peke yake, nikaliruka hilo, nitakuwa nimefundisha nusu ya mtu.

Mwenzangu wa somo la dini naye asiiogope ile miaka 78,000. Hupimwa kwa chembe za mchanga, kujua zilipigwa na mwanga wa jua mara ya mwisho lini. Kipimo hicho hakimgusi Mungu wa mtu. Hakisemi pia waliomzika walimlilia nani, wala walitaraji aende wapi; hapo namhitaji mwenzangu asimame karibu nami ubaoni.

Naomba basi wakuza mitaala waruhusu kipindi cha kaburi hili kifundishwe na walimu wote wawili kwa pamoja. Watoto wetu hupelekwa Gede na Fort Jesus. Wapelekwe na Panga ya Saidi, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka baharini. Makumbusho yatupatie mtu wa kutuongoza, na wazee wa hapo waulizwe kwanza utaratibu wa kuingia, kwani mapango kama hayo kwa wengi wao ni mahali pa ibada.

Mwalimu wa bayolojia,
Kilifi