Wazee wa injini za mvuke waandikwe wangali hai

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu historia ya Reli ya Kati imepanga vizuri miaka na vituo: ujenzi kuanza Dar es Salaam mwaka 1905, Morogoro kufikiwa mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kulipuka. Niliisoma hadi mwisho nikiwatafuta waliochimba matuta na kulaza mataruma ya njia hiyo yenye zaidi ya kilomita 1,200, lakini sikuwaona. Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann iliyoijenga imetajwa, magavana wametajwa, injini nazo zimeelezwa kwa mapenzi makubwa. Ninaomba nafasi niwasemee waliosahaulika.

Wengi wa wafanyakazi wa ujenzi huo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu ambao tangu zama za babu zao walibeba pembe na vitambaa kati ya bara na pwani, na walioijua njia ya Tabora kabla Mjerumani hajaichora kwenye ramani. Reli ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo wa misafara ile ile, kisha ilipokamilika ikaimaliza kazi ya upagazi iliyokuwa imewalisha maelfu ya watu na kuipa Bagamoyo utajiri wake. Kwa hiyo wapo waliojenga kwa mikono yao kitu kilichowaondolea riziki yao ya zamani, na sioni jinsi historia ya reli inavyoweza kuandikwa bila kukaa juu ya jambo hilo.

Kwa majirani zetu mambo hayakuwa tofauti. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, ikijengwa na wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, ambao takriban 2,500 kati yao walikufa. Simba wawili waliokula watu pale Tsavo mwaka 1898 wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago na dunia nzima inawafahamu. Wafu wale 2,500 wanajulikana kwa hesabu tu.

Baadaye, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, zikaja injini kubwa. Mnamo miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za daraja la 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250, zenye nguvu kuliko injini nyingine zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na nyingine ndogo kuliko hizo zikapewa majina ya makabila. Katika makumbusho ya reli Nairobi mtu anaweza leo kusoma jina la Mlima Gelai ubavuni mwa injini moja na jina la Wanyaturu ubavuni mwa nyingine, yote mawili yakiwa yametoka kwetu Tanzania. Wakati majina hayo yanapachikwa, ajira ya reli ilikuwa imegawanywa kwa rangi: ngazi za juu zilikuwa za Wazungu, za kati za Wahindi, na Mwafrika alianzia chini na kwa muda mrefu akabakizwa huko huko. Kabila liliheshimiwa kwa bamba la chuma, huku kijana wa kabila hilo hilo akicheleweshwa kufikia kazi ya kuendesha injini yenye jina lake. Hili linaniuma, wala sidhani kwamba muda uliopita umelipunguza uzito.

Na kazi ya mchochea moto, msaidizi wa dereva wa injini, haikuwa ya kubeba kuni tu, kama wengi wanavyodhani. Alitakiwa kusoma kipimo cha mvuke na kipimo cha maji kwa wakati mmoja, kwani maji yakishuka mno ndani ya boila, paa la tanuru hubaki kavu, huungua, na linaweza kupasuka na kuua walio karibu. Alitakiwa aujue mpando wa Saranda kuelekea Manyoni kabla hajaufikia, ili mvuke uwe umeshajaa treni inapoanza kupanda. Maarifa hayo yalirithishwa kwa mdomo, kazini. Vivyo hivyo magenge ya njia, yaani vikundi vya watunza reli, yaliyopambana na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe yalikuwa na elimu yao juu ya mito ile, na mito hiyo inaendelea kuisumbua reli hadi leo.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, wakati injini za mvuke zikiwa mwishoni mwa utumishi wao. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku hizo sasa amevuka 65, na waliomfundisha wengi wao hawapo. Ninaliomba Shirika la Reli Tanzania, kwa kushirikiana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pamoja na vyuo vikuu vyetu, litume watu wenye vinasa sauti Tabora, Dodoma, Morogoro, Tanga na Kigoma, wakawahoji wastaafu hao kwa majina yao na kazi zao. Nanyi, Ndugu Mhariri, mngeweza kuanza mapema zaidi, kwa kuwatengea ukurasa mmoja kila mwezi.

Msomaji wenu,
Tabora