Masanja, nakuuliza kuhusu macho ya Doto

Nyegezi, Mwanza

Mwangaluka Masanja,

Huku hatujambo, mama anakusalimu, mvua zimeanza kwa fujo na njia ya kwetu unaijua. Kimya chako tumekizoea, changu ndicho cha ajabu. Ya Magesa nitakueleza siku nyingine, nikiyaanza leo karatasi haitatosha.

Ni Kulwa. Unakumbuka anavyosugua macho kwa ngumi tangu mdogo, mama akimkaripia? Kabadilishiwa miwani weee, na bado usiku taa za bodaboda anaziona zina mikia. Mwishowe daktari mmoja kampima kwa mashine inayochora ramani ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, akatuonyesha kwenye kioo: chini kidogo ya katikati, doa jekundu. Keratokonusi. Konea imelegea, imekonda, inachongoka kwenda mbele. Tiba ni matone ya riboflavini, hiyo vitamini B2, kisha jicho linamulikwa miale ya urujuanimno ili nyuzi zake zishikane. Inazuia isiendelee, hairudishi kilichopotea. Gharama tunasumbuana na baba mdogo, utamu wa maneno yake unaujua.

Lakini anayeninyima usingizi ni Doto. Pacha wake, na kusugua anasugua, ila kwa kuibia. Ramani yake imetoka safi, tukaambiwa arudi baadaye. Safi kwa maana gani? Mashine ile inaona umbo. Je, kama ulegevu umeshaanza na umbo bado halijaharibika? Hapo nikakumbuka ulivyonieleza pale Kirumba kwamba hadubini yenu inapima ugumu wa nyama hai kwa mwanga, bila kuigusa, nami nikakucheka. Nimesoma, sicheki tena.

Nilivyoelewa ni hivi: ndani ya kila kitu, hata kilichotulia, mna mitetemo midogo ya sauti inayopita muda wote. Leza ikipenya, chembe ya mwanga wake hukutana na mitetemo hiyo na kurudi masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yakiwa yamehama kidogo. Kadiri sauti inavyokimbia mle ndani, ndivyo yanavyohama zaidi. Brillouin, yule mwanafizikia Mfaransa, aliliandika hilo 1922. Lakini udogo wake, ndugu yangu! Leza ya kijani ya nanomita 532 ina masafa ya zaidi ya gigahezi 560,000, na kwenye maji yanahama kama 7.5 tu. Niliziandika namba hizo ubaoni, kidato cha sita wakaguna. Ndiyo maana watafiti Scarcelli na Yun, kule Marekani, waliipeleka mbinu hiyo kwenye hadubini 2008 tu, na 2012 wakaonyesha jicho la mtu hai limepimwa. Kisha wakaona kwamba konea yenye ugonjwa imelainika palepale penye kichongo, pembeni iko karibu na kawaida. Ukichukua wastani wa jicho zima, huenda usione kitu!

Nilimsimulia mama. Akasema yeye sato humbonyeza kwa dole gumba ndipo anunue, sasa huo mwanga una dole gumba wapi?

Kinachonikera ni maji. Konea sehemu kubwa ni maji, na ikiyanywa zaidi masafa hayahami sana kama kawaida, utadhani imelainika. Mtu akiamka konea huwa imevimba kidogo. Je, Doto wa asubuhi na Doto wa jioni si watatoa majibu mawili? Halafu ugumu mnausoma kwa gigapaskali, kipimo kikubwa mno, wakati konea ikivutwa taratibu ni laini mno kuliko hapo. Huo ni ugumu uleule, au mnapima kitu kingine kinachoandamana nao? Usinijibu kisiasa.

Nambie basi: hadubini yenu inaweza kumwona Doto kabla ya ramani kumwona, au bado ni ya maabara? Afrika hii kuna kliniki yoyote inayo? Umbo likiwa zuri, kuna daktari atakayekubali kutibu kwa sababu ya ulaini peke yake? Mtihani wake wa kidato cha nne umekaribia. Nimtishe sasa aache kusugua, au nisubiri amalize? Na msimamizi wako mmepatana? Unakuja lini? Daraja la Busisi limefunguliwa, kwenda kwa bibi Sengerema hatupangi tena foleni ya kivuko.

Ni mimi,
Maganga