Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkakati wa Pamoja wa Kuzuia Majeraha, Mtwara na Lindi

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kuandaa rasimu ya mkakati wa pamoja wa mikoa yetu miwili wa kuzuia majeraha. Sasa iko mezani kwenu.

Tumeanza na rejesta ya wagonjwa, maana bila hiyo mengine yote ni kubahatisha. Kawaida mstari husomeka hivi: "Kuvunjika paja, ME, 34." Alianguka mnazini, aligongwa na bodaboda, au aliporomoka kutoka kwenye lori la korosho? Hakuna ajuaye. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, ICD-10, una herufi S na T za jeraha lenyewe, na V hadi Y za chanzo chake. Hizi za pili ndizo zinazorukwa, na ndizo tunazozihitaji.

Tunapendekeza kila jeraha liandikiwe mahali, saa, shughuli aliyokuwa nayo mtu, kitu kilichomdhuru, na kama alivaa kinga. Mhudumu wa zahanati aandike kwa maneno ya kawaida ("alikuwa anakwea mnazi, kamba ya miguu ikakatika"). Misimbo ya ICD-10 iwekwe wilayani. Mgonjwa wa rufaa abaki na namba ya kituo alikotoka, la sivyo aliyetoka Newala kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, atahesabiwa mara mbili. Kadhalika, mtu wa Nachingwea, Lindi, akitibiwa hospitali ya Ndanda, Mtwara, jeraha huingia hesabu za Mtwara ilhali hatari iko Lindi. Ndiyo maana mkakati wa mkoa mmoja mmoja hautoshi.

Kwenye mikorosho, salfa ya unga ipulizwe alfajiri, umande ukiwa bado majanini na hewa imetulia. Jua likipanda upepo huanza, na unga humrudia mpulizaji machoni na kifuani. Miwani ya jua haifai, kwa kuwa unga hupenya pembeni. Inatakiwa ile inayobana uso pande zote, pamoja na barakoa na nguo za mikono mirefu. Ndoo ya maji safi yenye mfuniko ifike shambani kabla ya mashine kuwashwa. Salfa ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji yanayotiririka angalau dakika 15, bila kusugua. Salfa pia hushika moto: sigara marufuku, na petroli isiongezwe injini ikiwa ya moto. Kwa kuwa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) ndizo zinazomfikia mkulima wakati wa kugawa pembejeo, tunataka miwani na barakoa vitoke siku hiyohiyo, kwenye foleni ileile.

Kuhusu bodaboda, utafiti uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa 69. Lakini kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagusa lami, na ya abiria mara nyingi haina hata kifungo. Viongozi wa vijiwe wakague mikanda kila wiki: chini ya kidevu viingie vidole viwili tu, na kofia isizunguke kichwani. Iliyokwisha kupigwa kwenye ajali itupwe hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halipokei tena kishindo.

Kwa upande wa maji, rasimu inataka visima vifunikwe na maboya yavaliwe vyomboni, hasa wakati wa kusi. BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi) zisimamie hilo la pili.

Kila kipengele kimepewa msimamizi mmoja, na mikoa itakutana kila robo mwaka kwa zamu. Nasisitiza fedha: kamati isiyo na kifungu kwenye bajeti ya halmashauri hufa mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla, hivyo maoni yenu yaje mapema.

Sehemu ya tembo na mamba bado ni nyembamba mno. Wanachama wa Liwale na Kilwa, tunaomba mtuandikie njia na vivuko ambako watu hudhurika, na saa wanazopita hapo.

Mwenyekiti